Jina la tovuti ya duka la kanga: niandike kanga, khanga au leso?

MamaNasra_Kkoo

Wakuu habari za leo. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, naomba wenye uzoefu mnishike mkono.

Nauza kanga Kariakoo, karibu na Mtaa wa Uhuru, huu ni mwaka wa kumi na moja. Siku hizi nusu ya mauzo inatoka kwenye simu. Asubuhi napiga picha doti mpya, yaani kanga mbili pacha, naweka status, mteja anachagua, anatuma hela, mzigo unaondoka na bodaboda au naufunga kwa basi la Mwanza au Mbeya. Nina wateja Mombasa na Muscat, na kuna dada wawili wako Uingereza, kila Idi ikikaribia wanachukua doti kumi kumi.

Mwezi wa tatu akaunti yangu iliibiwa. Mtu alijifanya mteja, akaniomba nimsomee tarakimu zilizoingia kwenye simu yangu, nikamsomea. Siku tisa aliuza kanga hewa kwa jina langu na picha zangu. Wateja wawili walimtumia hela. Nimewarudishia kutoka mfukoni mwangu, kwa sababu waliyemwamini ni mimi. Tangu hapo nimeazimia kuwa na mahali pangu, tovuti ambayo mteja akiifungua anajua huyu ni Mama Nasra mwenyewe.

Kijana atakayenitengenezea amesema kazi inaanzia kwenye domeni, yaani lile jina analoandika mtu ili afike kwenye tovuti. Nimekwama hapo hapo. Wauza kanga wenzangu mnanielewa: doti inaweza kuwa na pindo zuri pembeni, mji wa katikati umetulia, rangi haichuji, lakini jina, yaani yale maneno yaliyochapwa, likikosewa inalala dukani. Niliwahi kubaki na doti 40 za zambarau, kitambaa kizito kabisa, kwa sababu jina lake lilikuwa la kumsema mke mwenza. Akina mama walikuwa wanaikunjua, wanasoma, wanaikunja tena taratibu na kunirudishia mkononi. Sitaki yanikute hayo kwenye tovuti, maana kanga naweza kushusha bei ikaondoka, jina la tovuti nitakaa nalo.

Nina majina matatu. La kwanza ni mamanasracollection, ndilo wateja wanalonijua nalo mtandaoni. La pili ni kangazakariakoo, lakini hapo sijui niandike kanga au khanga, maana hata mzigo ukija nakuta umeandikwa hivi na hivi, na wateja wangu wa Mombasa wao wanasema leso. La tatu amelitoa binti yangu Nasra, yuko kidato cha nne: pindonamji. Anasema mama, kila kanga duniani ina pindo na ina mji, nani atalisahau?

Nichukue lipi? Na mwisho wake uwe .com au .co.tz? Kijana amesema nimpe hela tu, atalisajili yeye kwa jina lake ili anipunguzie usumbufu.


AsaliYaMiombo

Mama Nasra, pole sana kwa yaliyokupata. Naanza na mstari wako wa mwisho kwa sababu ndio ulionifanya niache kazi niliyokuwa nayo mkononi. Usikubali. Mshukuru kijana kwa moyo wake, mlipe kazi yake ya kutengeneza, lakini domeni isajiliwe kwa jina lako, barua pepe yako na namba yako ya simu.

Mimi nauza asali ya Tabora, naichukua kwa wafugaji wa nyuki Sikonge, naichuja na kuifunga hapa Dar. Nilipofungua tovuti nilipata kijana mzuri, mcha Mungu, tena ndugu wa jirani yangu. Akasajili .com kwa jina lake, kama hivyo hivyo anavyotaka kufanya wako. Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Kisha akapata kazi Msumbiji, akabadilisha namba, na ile barua pepe aliyosajilia akaacha kuifungua. Taarifa za kukumbusha kulipia zilikuwa zinaingia mle, hakuna anayezisoma.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, wakati ambao asali inatoka kuliko miezi mingine yote, mteja ananipigia: mzee tovuti yako haifunguki. Nikawapigia wale wa kampuni ilikosajiliwa domeni. Wakaniuliza jina la mwenye domeni, nikataja langu. Halikuwepo. Siwezi kuwalaumu, kwenye kumbukumbu zao mimi ni mpita njia.

Hapo ndipo nilipojifunza jinsi .com inavyokufa. Ikipita tarehe yake, muuzaji anaweza kukuvumilia siku kadhaa, wengine hadi 45. Akiifuta, inaingia kwenye siku 30 za kukombolewa, na kuikomboa unalipa faini juu ya ada. Baada ya hizo kuna siku 5 ambazo hakuna anayeweza kuigusa, halafu inaachiwa, anayewahi anachukua. Mimi nilizinduka nikiwa tayari ndani ya zile 30. Nilimtafuta kijana kupitia mama yake, kupitia msikitini kwao, kupitia dereva wa lori anayekwenda Tunduma. Nilimpata siku ya 33. Alilia kwenye simu. Lakini ilikuwa imekwisha.

Wiki iliyofuata mtu nisiyemjua aliichukua, akaijaza matangazo ya kubeti. Anwani hiyo ilikuwa kwenye stika za chupa 1,200 zilizokuwa stoo, na nyingine ambazo sijui idadi zilikuwa majumbani mwa watu. Mwalimu mmoja wa madrasa, mteja wangu wa miaka, alinipigia akaniuliza kwa upole kama nimebadilisha biashara. Hilo liliniuma kuliko hela.

Usiku tatu mimi, mke wangu na wanangu tuliloweka chupa kwenye beseni la maji ya moto, tunasubiri karatasi ilainike, tunakwangua kwa kisu cha mezani, gundi iliyobaki tunaisugua kwa mafuta ya kula. Kucha zilikuwa zinanata hadi asubuhi.

Kwa hiyo jina zuri lichague kwa utulivu, lakini umiliki uumalize kwanza. Fungua akaunti kwa msajili, yaani kampuni inayouza domeni, wewe mwenyewe, kijana akae pembeni akuelekeze. Lipia miaka mitatu kwa mkupuo kama mfuko unaruhusu. Weka ulinzi wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na tarakimu zinazoingia kwenye simu, na zile tarakimu usimsomee mtu tena maishani. Halafu jambo ambalo wengi hawaambiwi: barua pepe ya kusajilia isiwe ile ya domeni hiyo hiyo. Domeni ikizima, barua pepe yake nayo inazima, na ujumbe wa kukuokoa unakwenda mahali palipokufa.


LesoZaMvita

Dadangu Mama Nasra, salamu kutoka Mombasa. Umesema kweli, huku kwetu ni leso. Nyanyangu ukimtajia kanga atakuuliza umemfuga au umemnunua, kwake kanga ni ndege. Kwa hiyo ukitia neno kanga kwenye jina, sisi tutakuelewa, ila hatutalikumbuka wakati wa kuandika. Ukitia khanga ni vivyo hivyo.

Nikupe mfano wa nyumbani. Pale Biashara Street kuna duka la Kaderdina Hajee Essak, lipo tangu 1887. Leso zao zina chapa, K.H.E. Mali ya Abdulla. Nyanyangu hajawahi kutamka jina lote la mwenye duka, na herufi hizo tatu hajui zasimamia nini. Akitaka leso asema tu, niletee ya Abdulla. Hilo moja limeshika kinywani, likapita kwa mama, likafika kwangu, na halina neno leso ndani yake wala khanga.

Mimi nampa Nasra kura yangu. Pindo na mji ni maneno tunayatumia Mvita kama mnavyoyatumia Dar.


FundiSeva_Dodoma

Mama Nasra, kazi yangu ni hii ya tovuti, niongezee pale wazee walipoachia.

Kwanza, jina ambalo hujalisajili usiliandike hadharani kama ulivyofanya hapa. Kuna watu kazi yao ni kuokota majina ya namna hiyo na kuyauza kwa wenyewe. Ukimaliza kusoma uzi huu, kasajili usiku huu huu.

Kuhusu herufi. Kiswahili tunakiandika kama tunavyokitamka, hiyo ni neema, lakini hatutamki sawa. Kuna wanaobadilishana r na l bila kujijua, kuna wanaosema z mahali pa dh na s mahali pa th, na kh karibu kila mtu anaisoma h au k. Vokali mbili zinazofuatana ni mtego mwingine: karafuu, Kariakoo, taarabu, watu huandika moja. Nilikuwa na mteja mwenye domeni yenye neno dhahabu. Alipokuwa anaitaja redioni, nusu ya wasikilizaji waliandika zahabu, ikabidi anunue na hiyo, na nyingine yenye h moja. Sasa angalia majina yako. Nasra ina r, kuna watakaoandika Nasla. Collection ni neno la Kiingereza lenye l mbili na c mbili. Kariakoo ina o mbili mwishoni. Pindonamji haina hata kimoja katika hivyo.

Deshi usiiweke. Mtu akikuuliza kwa simu utaisemaje? Kistari? Kimstari? Kidashi? Kila mmoja ataelewa lake. Namba pia, kwa sababu hiyo hiyo: mbili ni 2 au mbili? Herufi kubwa na ndogo hazina tofauti kwenye anwani, kwa hiyo kwenye mfuko wa kufungia unaweza kuandika PindoNaMji ili lisomeke vizuri, na mteja akiandika zote ndogo atafika.

Usiogope kwamba bila neno kanga Google haitakuona. Maneno hayo yakae ndani ya kurasa. Kila doti iandikie maelezo yake, taja kanga, khanga na leso kwa jinsi watu wanavyosema, na andika jina la kanga lenyewe lote kama lilivyochapwa. Watu wengi wanatafuta kwa kuandika ule msemo waliouona kwenye kanga ya harusi ya mtu. Hapo ndipo watakapokukuta.

Mwisho wa jina. Hapa kwetu majina ya .tz yako chini ya usimamizi wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na biashara inachukua .co.tz. Hizo .or.tz, .ac.tz na .go.tz ni za asasi, vyuo na serikali. Wakenya wana .co.ke, na tangu 2017 wanaweza kuchukua .ke tupu. Kuna pia .africa, ilifunguliwa kwa umma mwaka huo huo. Kwa duka lako mimi ningechukua .co.tz na .com zote mbili, moja iwe inampeleka mteja kwenye nyingine. Kitu ambacho nakukataza ni .co peke yake. Hiyo ni ya Kolombia, inauzwa kwa kila mtu na inapendeza machoni, lakini mteja wako mmoja ataongeza m na mwingine ataongeza .tz, na wote watakupotea.

Bei ya mwaka wa kwanza isikudanganye. Kampuni ya Verisign inayoendesha .com inawatoza wasajili wote bei moja ya jumla, na Septemba 2024 ilipanda kutoka dola 9.59 hadi 10.26 kwa mwaka. Ukiona mtu anakuuzia kwa dola moja, ujue hasara yake ataifidia mwaka wa pili. Uliza bei ya kulipia upya kabla hujalipa ya kwanza, na uliza kama utaruhusiwa kuhama kwenda kwa msajili mwingine.

Mwisho, domeni siyo jina la biashara. Pita BRELA, kwa wasajili wa majina ya biashara, uangalie kama jina liko huru, lisajili kule pia, na baadaye ukipata nguvu ulisajili kama alama ya biashara. Watu wengi wana cheti cha BRELA ukutani na domeni yao iko kwa mtu mwingine. Ukipata kimoja hujapata kingine.


BiZuhura_Muscat

Assalaam aleikum Mama Nasra. Mie mnunuzi, siyo fundi, nakwambia yanayonipata mie.

Nipo Muscat miaka mingi. Kanga naagizia nyumbani kwa sababu za huku hazinipi harufu ya kanga mpya, ile ya wanga unapoikunjua mara ya kwanza. Majina ya maduka huwa nayapata kwa sauti. Shoga yangu ananitumia voisi: nenda kwa fulani ana doti nzuri. Naandika kwa kidole kimoja, miwani iko chumba kingine. Nikikosea mara mbili naacha, nanunua kwa niliyemzoea.

Neno collection hapa kila duka linalo, la abaya, la manukato, la viatu. Mie siwezi kutofautisha collection ya nani ni ya nani.

Nikiona .co.tz moyo wangu unatulia, najua mzigo unatoka nyumbani na nikidhulumiwa nina wa kumuuliza. Lakini wanangu waliozaliwa huku wao hawajui hiyo, huandika .com tu. Huyo fundi kasema kweli, chukua zote mbili.

Fanya jambo moja, mwanangu. Watumie watu voisi utaje hilo jina mara moja tu, usilirudie, waambie walirudishe kwa maandishi. Usiwasaidie. Utaona mwenyewe.


MamaNasra_Kkoo

Ndugu zangu, nimewasoma wote, nyingine nimezisoma kwa sauti dukani wenzangu wasikie. Mzee wa Asali, yale ya chupa kwenye beseni yamenikaa moyoni. Nilimpigia kijana siku ile ile. Hakukasirika. Alisema kwa kweli hakuwahi kufikiria kama anaweza kuhama au kufa.

Bi Zuhura, nimefanya ulivyosema. Nilituma voisi kwa watu tisa: wateja watano, shangazi yangu wa Tanga, dereva wangu wa bodaboda, muuza vitenge jirani na dada wa saluni. Kila jina nimelitaja mara moja.

Mamanasracollection, waliopatia ni watatu. Nimepata Nasla, Nassra, Nasrah, na colection yenye l moja. Dereva aliandika kolekisheni, na mimi nilimwelewa, kwa nini asiandike anavyosikia? Kangazakariakoo, waliopatia ni wawili. Wanne waliandika khanga, ingawa mimi nilitamka kanga, na wengine walimaliza na o moja. Pindonamji, wamepatia wanane. Wa tisa ni shangazi, ameandika pindo la mji, halafu akanipigia kuniuliza hiyo kanga ni mpya, inauzwaje?

Sikuhitaji kufikiria zaidi. Nilikaa na Nasra jioni, kijana akiwa kwenye simu anatuelekeza, tukafungua akaunti kwa jina langu lote kama lilivyo kwenye kitambulisho. Barua pepe ni mpya, nimeifungua kwa kazi hiyo tu, nenosiri limo kwenye daftari langu la madeni ambalo halitoki dukani. Tumechukua .co.tz na .com, miaka mitatu mitatu. Nasra ndiye aliyebonyeza pale pa mwisho. BRELA nimeangalia, jina liko huru, maombi nayatuma kesho kutwa nikishapokea mzigo.

Jina la Mama Nasra sitalitupa. Litakaa juu ya ukurasa na picha yangu nikiwa dukani, ili mteja aliyenijua zamani asidhani ametapeliwa tena.

Limebaki moja, Mzee wa Asali. Nina mifuko 500 ya kufungia iliyochapwa jina la zamani na akaunti ile iliyoibiwa. Niiache?


AsaliYaMiombo

Hongera sana, na mpe hongera Nasra.

Usiitupe, mifuko ni hela. Lakini ile akaunti iliyoibiwa isionekane kabisa, bandika kipande cha karatasi juu yake kwa gundi nzuri. Kisha chonga muhuri wa mpira wenye anwani mpya, ugonge chini ya jina la Mama Nasra, wateja wayaone majina mawili pamoja kwa miezi kadhaa. Wino uache ukauke kabla ya kutia kanga, usije ukatia doa kwenye kitambaa cheupe. Na kwa mchongaji wa muhuri usitume voisi. Mwandikie kwenye karatasi, herufi moja moja, usimame hapo hapo mpaka akuonyeshe alichokipanga.